Jina moja, mitandao saba: kwa nini kujulikana kila mahali kunachosha

Mwishoni mwa 2021 kijana wa Kimasai kutoka Mkoa wa Pwani, Kili Paul, alianza kupendwa na Wahindi kwa mamilioni. Yeye na dada yake Neema walikuwa wakijirekodi kwa simu wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wamevaa mashuka yao, nyuma yao boma na vichaka. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimwalika na kumtunuku, na kabla mwezi huo haujaisha Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja wote wawili kwenye kipindi chake cha redio cha kila mwezi. Habari hii husimuliwa kama habari ya kipaji na bahati, na kweli vyote viwili vilikuwepo. Kuna jambo la tatu ambalo huachwa. India ilikuwa imeipiga marufuku TikTok tangu tarehe 29 Juni 2020. Laiti Kili Paul angekuwa TikTok peke yake, watu waliompenda kuliko wote wasingemwona. Klipu zake zilikuwa Instagram pia, na huko ndiko Wahindi walikomkuta.

Kutokana na visa kama hiki, washauri wa mambo ya mitandao hutoa agizo moja: kuwa kila mahali. Fungua TikTok, Instagram, YouTube, X, Facebook, LinkedIn, usisahau chaneli ya WhatsApp. Agizo hili hupewa wafanyabiashara wadogo, wataalamu, wasanii, hata wachungaji, kana kwamba kufungua akaunti na kujulikana ni kitu kimoja. Nimewaona watu wenye jambo la maana la kusema wakijaribu kulifuata, wakachoka ndani ya miezi michache, kisha wakaamini kwamba hawana kipaji. Naona wamehukumiwa isivyo haki. Walidhani wamepewa kazi moja ya kurudia mara saba, kumbe walibebeshwa kazi kadhaa zisizofanana, na hakuna aliyewaambia.

Ili tusizungumze hewani, tumchukulie mtaalamu wa lishe anayefanya kazi Mwanza. Ni mtu wa kufikirika, lakini wa aina yake ni wengi. Anataka wazazi waelewe kuhusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Si jambo dogo: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga ndivyo vinavyosagwa kutengeneza unga wa uji wa mtoto. Dada huyu ana elimu, ana nia, ana simu nzuri. Aanzie wapi?

Ujumbe mmoja, maumbo saba

Akianza TikTok, ana sekunde chache za mwanzo kabla kidole cha mtazamaji hakijapandisha skrini. Itabidi aanze na karanga iliyoota ukungu mkononi, karibu kabisa na kamera, na sentensi isiyohitaji utangulizi. Salamu ataziacha, jina lake litasomeka juu, na asili ya tatizo ataieleza baadaye kama muda utabaki. Mtandao huu hauwapi kipaumbele wafuasi wa dada huyu. Humwonyesha kwa watu wasiomjua, ukipima kama walitazama hadi mwisho, kama walirudia, kama walimtumia mwenzao. Ndiyo maana mtu mwenye wafuasi 200 anaweza kutazamwa na laki moja leo, na kesho akarudi kwa watu 300 bila kujua alikosea nini. Mara nyingi hakukosea kitu.

YouTube ni habari nyingine kabisa. Pale watu huja wakiwa na swali tayari. Mama aliyeandika kwenye sehemu ya kutafuta "jinsi ya kuandaa unga wa lishe" yuko tayari kukaa dakika kumi na mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza. Video hiyo inaweza kutazamwa miaka mitatu baadaye na ikawa bado inafanya kazi, ilhali posti ya X ikishapita jioni imekwenda. Lakini YouTube inadai sauti safi, maelezo yaliyopangika, kichwa cha habari kinachofanana na maneno ambayo watu huandika wanapotafuta, na picha ya jalada inayosomeka kwenye skrini ndogo. Na kama anataka fungu la mapato ya matangazo, tangu 2018 sharti linalojulikana ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili.

Instagram yenyewe ina nyumba kadhaa ndani ya nyumba. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilieleza hadharani kwamba haina kanuni moja ya kupanga maudhui. Ukurasa wa mwanzo, stori, reels (klipu fupi) na sehemu ya kuperuzi kila kimoja kina utaratibu wake. Kwa hiyo hata mtu aliyeamua kubaki Instagram tu bado anafanya kazi tatu au nne: picha zinazofuatana za kufafanua jambo, klipu ya kuvuta wageni, stori za kuwaweka karibu wale waliokwisha kumfuata. Mapema mwaka huohuo Instagram ilitangaza pia kwamba klipu zenye nembo ya mtandao mwingine hazitapendekezwa sana kwa watu. Tafsiri yake kwa dada yetu ni kwamba kupakua klipu yake TikTok na kuibandika Instagram, ile njia rahisi anayodhani itamwokolea muda, inaweza kumpunguzia watazamaji. Atahitaji kuihifadhi klipu safi kabla ya kuipandisha popote, jambo dogo ambalo wanaoanza hawaambiwi.

X inataka hoja ya herufi 280 na mtu aliye tayari kubishana saa hiyohiyo. LinkedIn inataka Kiingereza na lugha ya kazi. Pale dada yetu hasemi na mama wa Ilemela, Mwanza, anasema na shirika linaloweza kufadhili mafunzo. Facebook kwetu bado ina vikundi vya kina mama, vya wakulima, vya watu wa wilaya fulani, na ndani ya vikundi hivyo mtu huaminiwa kwa sababu anajibu maswali ya watu, ukurasa wake hata hawaufungui.

Kisha kuna WhatsApp, ambayo washauri wengi huitaja mwishoni kama kitu cha nyongeza. Mimi ningeiweka mwanzoni. Kwa msemaji wa Kiswahili wa kawaida, Tanzania au Kenya, WhatsApp ndiyo intaneti yenyewe. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili, wa Kiswahili cha kawaida, usiokula bando sana, unafika kwa bibi anayemlea mjukuu kijijini kwa njia ambayo hakuna reels itakayomfikia. Hapa umbo ni dogo zaidi na kazi ni ya karibu zaidi. Watu hujibu. Huuliza. Hutuma picha ya unga wao saa nne usiku na kutaka kujua kama uko salama.

Hesabu hiyo ifanywe kwa uaminifu. Jambo moja la sumukuvu limekuwa klipu, video ndefu, picha zinazofuatana, hoja ya X, andiko la Kiingereza, mjadala wa kikundi na ujumbe wa sauti. Redio na magazeti makubwa huwa na waandishi, wahariri wa picha na wasimamizi wa kurasa kwa ajili ya kazi kama hiyo. Yeye ana jioni yake baada ya kazi, na bando analolinunua mwenyewe.

Watu wote chumbani kwa wakati mmoja

Kazi ya maumbo inachosha mikono. Hii inayofuata inachosha moyo, na naona ndiyo inayowanyamazisha watu wengi zaidi.

Kwenye kliniki ya mama na mtoto, mtaalamu wa lishe huzungumza waziwazi kuhusu kunyonyesha: chuchu zilizochanika, maziwa yasiyotoka, mtoto anayekataa ziwa. Wanaomsikiliza ni wanawake, mlango umefungwa, na maneno yana mahali pake. Maneno yaleyale yakiingia kwenye simu, wanaosikia ni mama mkwe, mwalimu wake wa zamani, mkuu wake wa kazi, vijana wa mtaani, shemeji, na mzee wa kanisa. Kila mmoja wao anamjua kwa namna yake, na kila mmoja ana heshima anayoidai. Watafiti wawili wa Marekani, Alice Marwick na danah boyd, walichapisha mwaka 2011 utafiti wao juu ya watumiaji wa Twitter (X ya leo) na jinsi hadhira zilizokuwa zikikaa mbalimbali zinavyojikuta zimerundikwa mahali pamoja. Mtu anayeandika hulazimika kubuni kichwani mwake ni nani anayemsikiliza, na mara nyingi hubuni vibaya.

Jambo hili lina uzito wake kwetu, kwa sababu Kiswahili chenyewe hakimruhusu mtu kuzungumza na kila mtu kwa namna moja. Tunaamkia kwa umri. Tunachagua maneno mbele ya wakwe. Kuna mambo husemwa unyagoni na hayasemwi sebuleni. Ukimwambia mtu mzima aliyelelewa hivyo kwamba ajirekodi akizungumza na "watu wote", umemwomba aweke kando adabu aliyofundishwa tangu mtoto. Wengi wanaoitwa waoga wa kamera hawaogopi kamera. Hawajui wamsalimie nani.

Kuna wanaolitatua kwa kugawa lugha: Kiingereza LinkedIn, Kiswahili sanifu YouTube, lugha ya mtaani TikTok, na Wakenya wengi wana Sheng kama nyenzo ya nne. Mgawanyo huo unasaidia, ila una bei yake. Mtu anayemjua daktari wake kwa Kiswahili cha upole cha YouTube akikutana naye X akibishana kwa ukali, huanza kujiuliza yupi ndiye wa kweli. Na mitandao haikai mbalimbali. Posti ya X hupigwa picha na kupelekwa WhatsApp, klipu ya TikTok huibuka kwenye kikundi cha ukoo, na yule aliyekusudiwa kuwa hadhira ya mwisho anakuwa wa kwanza kupiga simu nyumbani kuuliza.

Wanawake hulipa zaidi. Mtaalamu wa lishe mwanamke anapoeleza kiasi cha mafuta kwenye chakula, sehemu kubwa ya komenti zinaweza kuwa juu ya mwili wake mwenyewe: mnene mno kufundisha lishe, au mwembamba mno, au kwa nini hajaolewa. Akinyamaza anaonekana amekubali. Akijibu anaambiwa anatafuta kiki. Akizifunga komenti, huenda mtandao ukaona watu hawachangii na kumpunguzia kuonekana. Sijaona ushauri wa "kuwa wewe mwenyewe" unaolijibu hili. Kinachosaidia ni vitu vidogo vya vitendo: kuchuja komenti kwa maneno maalumu, kumpa mtu wa kuaminika kazi ya kuzifuta, na kuamua mapema ni mada gani za maisha yake hazitaingia mtandaoni hata siku moja. Uamuzi huo ukifanywa kabla ya kuanza huwa mwepesi. Ukifanywa katikati ya mashambulizi, mtu hujikuta ametoa maelezo ambayo hakupaswa kumpa mtu yeyote.

Tena kuna washindani wasiofungwa na maadili yoyote. Anayesema "karanga zako zikague, zikaushe juani, zitunze pakavu" atashindana na anayesema "kijiko kimoja cha unga huu kinaondoa tumbo kwa siku saba". Wa pili ana ahadi, wa kwanza ana kazi ya kukupa. Mitandao hupima muda wa kutazamwa na msisimko, haipimi ukweli. Mtaalamu anayelijua hilo haachi ukweli wake, ila hujifunza kuuanza na kile kinachomgusa msikilizaji leo, pengine harufu ya unga aliopimiwa sokoni asubuhi.

Nyumba ya kupanga

Kila akaunti ni chumba cha kupanga, na mwenye nyumba anaweza kubadili kufuli bila taarifa. Mifano iko wazi. Vine, mtandao wa klipu za sekunde sita, ulifungwa mapema 2017, na umaarufu wa watu waliojengwa pale haukuhamishika wenyewe. Google+ ilizimwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Twitter iliponunuliwa na Elon Musk Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, ndani ya miezi michache alama ya buluu iliyokuwa ikitolewa kuthibitisha kuwa mtu ni yeye kweli iliondolewa kwa walioipata zamani na kuwa ya kulipia, na Julai 2023 hata jina la mtandao lilibadilishwa. Mwandishi wa habari aliyekuwa ametambuliwa kwa alama hiyo aliamka sawa na yeyote mwenye dola nane kwa mwezi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, na wafanyabiashara waliodhani wametawanya hatari kwenye mitandao mitatu waligundua kwamba yote mitatu ni ya mmiliki mmoja.

Juu ya mwenye nyumba kuna serikali. Uganda iliizuia Facebook Januari 2021, kuelekea uchaguzi mkuu, na miaka ikapita watu wakiendelea kuifikia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Kabla ya hapo, tangu Julai 2018, Waganda walitozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, kodi iliyoondolewa 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na tozo ya asilimia 12 kwenye data. Tanzania iliizuia X Mei 2025, na siku ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huohuo intaneti yenyewe ilikatwa. Mtu aliyetumia miaka akijenga jina X alijikuta anawaandikia watu walio nje ya nchi na wale wenye VPN, huku wasomaji wake wa Morogoro na Songea wakiwa wametoweka, na mwenyewe hakuwa amevunja sheria yoyote.

Sheria nazo zinahusika moja kwa moja na mtu mmoja mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote ziliweka adhabu kwa kusambaza taarifa za uongo, kwa hiyo kuposti upya jambo usilolihakiki si kosa la adabu tu. Mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kuwa na leseni, na gharama za kuanzia zilizidi shilingi milioni 2. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, na yeyote anayepanga kuendesha chaneli ya habari anapaswa kusoma toleo linalotumika sasa kabla hajaanza. Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, iliweka kodi ya zuio (inayokatwa kabla pesa haijakufikia) ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui. Naitaja kwa sababu vijana wengi hupiga hesabu ya mapato wakaisahau.

Kuhusu mapato, tusidanganyane. Matangazo ya YouTube hulipa kwa kuangalia mtazamaji yuko nchi gani, na mtazamaji wa Iringa huthaminiwa chini kuliko wa Toronto. Mipango mingine ya kulipa watayarishi huanza Marekani na Ulaya na huchelewa kutufikia. Ndiyo maana chaneli nyingi za Kiswahili zenye kipato kizuri huwa na watazamaji waliopo Muscat, London au Minneapolis, ama hupata pesa zake nje ya mtandao kabisa: mafunzo, ushauri, bidhaa, mialiko. Kwa mtaalamu wetu wa Mwanza, wafuasi 900 ambao kati yao wamo wenye shule za awali na wasimamizi wa vituo vya afya wanaweza kumfaa kuliko wafuasi elfu themanini waliokuja kucheka.

Kwa hiyo afanye nini

Maoni yangu ni kwamba mtu anayefanya kazi peke yake achague mtandao mmoja wa kulima na mmoja wa kuhifadhi, na mingine yote aichukulie kama vibao vya kuelekeza njia. Wa kulima ni ule ambao hadhira yake halisi tayari ipo, na ambao umbo lake linafanana na namna anavyoongea akiwa hana wasiwasi. Anayeandika vizuri asijilazimishe kucheza mbele ya kamera kwa sababu wengine wanacheza. Wa kuhifadhi ni ule ambao kazi yake itapatikana kwa kutafutwa baada ya miaka. Kwa sasa sioni unaoishinda YouTube kwa video, na tovuti ndogo yenye jina lake kwa maandishi.

Kwa dada wa lishe ningesema: WhatsApp ndiyo shamba, YouTube ndiyo ghala. Aandae video moja yenye kina kuhusu sumukuvu. Kutoka humo akate vipande viwili vya TikTok na Instagram, kila kimoja kikiwa na sentensi yake ya mwanzo iliyorekodiwa upya, kwa sababu kipande kilichokatwa katikati ya maelezo hakieleweki kwa mgeni. Sauti ya sehemu muhimu aipeleke WhatsApp, na mwanzoni mwa sauti hiyo ajitaje jina na kazi yake. Hili la kujitaja nalisisitiza. Ujumbe wa WhatsApp ukishatumwa mara tano hauna tena mwenyewe; ukisambaa bila jina, siku moja utarudi ukiwa umebandikwa jina la muuza dawa.

LinkedIn aandike mara moja kwa mwezi, inatosha. X aihifadhi kwa jina tu.

Khaby Lame ni mfano unaofaa hapa, ingawa si wa kuigwa na kila mtu. Kijana huyu aliyezaliwa Senegal na kukulia Italia alipoteza kazi ya kiwandani Machi 2020, na Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Klipu zake hazina maneno. Anaonyesha jinsi jambo lililofanywa kuwa gumu lilivyo rahisi, kisha anainua viganja. Kwa sababu hakuna lugha, klipu ileile iliweza kupita mtandao hadi mtandao na nchi hadi nchi bila kutengenezwa upya. Aliiondoa kazi ya maumbo kwa kuchagua umbo lisilohitaji tafsiri. Anayefundisha lishe, sheria au hesabu hawezi kunyamaza hivyo, lakini anaweza kujiuliza ni sehemu gani ya kazi yake inayoonekana kwa macho. Karanga nzuri na karanga yenye ukungu zikiwekwa kwenye kiganja kimoja, hazihitaji maelezo mengi.

Jina liwe moja kila mahali, na picha ya wasifu iwe ileile. Ni jambo la usalama zaidi kuliko la urembo. Akaunti bandia ni biashara kubwa huku kwetu: mtu huchukua picha yako, huongeza herufi moja kwenye jina, kisha huwaandikia wafuasi wako kwamba una dharura na pesa itumwe kwenye namba fulani. Mfuasi aliyezoea kuona jina moja na picha moja kwenye mitandao yote hugundua haraka kwamba huyu siye. Kwa sababu hiyohiyo inafaa kulisajili jina lako hata kwenye mitandao usiyokusudia kuitumia, uweke mstari mmoja unaosema unapatikana wapi, halafu uiache. Akaunti iliyolala ikiwa na maelekezo haina aibu. Yenye aibu ni ile yenye posti tatu za mwaka juzi na ahadi ya "endelea kunifuatilia".

Wafuasi nao wapewe njia isiyopitia kwa mwenye nyumba yeyote. Orodha ya namba za simu za waliokubali kupokea ujumbe, au barua pepe zao, ndicho kitu pekee mtu anachoweza kuondoka nacho mtandao ukifungwa. Namba hizo ni taarifa binafsi za watu, na Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kuzilinda, kwa hiyo ziombwe kwa ridhaa na zisigawiwe.

Linabaki jambo ambalo watu hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Akaunti nyingi zimefungwa kwenye namba ya simu, na kampuni za simu huigawa upya laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika. Aliyefungua Instagram kwa laini ya chuo akaitupa baada ya kuhitimu anaweza kukuta ujumbe wa kurejesha nenosiri unakwenda kwa mtu asiyemjua. Kabla ya kuhangaikia klipu ya kesho, ingia kwenye mipangilio ya kila akaunti, angalia ni namba gani na barua pepe gani iliyoandikwa pale, weka unayoitumia leo, washa uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri, kisha namba ya muda) kwa programu badala ya ujumbe mfupi, na zile namba za akiba unazopewa ziandike kwenye karatasi utakayoiweka pamoja na vyeti vyako.